Nyangumi Ambaye Hakuwepo

— Yule pale, karibu na lile wimbi! Umemwona?

— Nimemwona, mume wangu. Mzuri jamani!

Mume akashusha kidole taratibu. Pale alipoonyesha hapakuwa na nyangumi. Yalikuwa maji matupu.

Kwenye meli ile ndogo ya watalii walimwita Darubini. Kazi yake ilikuwa kusimama mbele na kuwaonyesha wageni wanyama wa baharini. Mgeni aliyejifanya ameona kila kitu alitegwa hivyo: anaonyeshwa maji matupu, akisifia, watu wanacheka. Leo Darubini alikuwa na mapumziko, amemleta mkewe, fundi cherehani, baada ya kumwahidi miaka mingi. Lakini pomboo waliporuka ubavuni mwa meli, mkewe alishangilia akitazama upande mwingine. Ndipo Darubini akaamua kumjaribu kwa maji matupu.

— Shemeji, huyo bwana hakusumbui? nahodha alitania kupitia dirishani.

— Nimemzoea! Nyangumi wa kule mbali anamwona, chumvi iliyo mezani mpaka nimpe mkononi.

Nahodha akacheka. Darubini hakucheka.

Simu ya mkewe ikalia ndani ya mkoba.

— Nisomee, baba. Jua kali.

Ulikuwa ujumbe wa dada yake: "Umeshamwambia? Usimfiche mumeo, atakuja kujilaumu."

Darubini akausoma kwa sauti mpaka mwisho. Mkewe akashika chuma cha ukingo kwa mikono miwili.

— Pale hapakuwa na kitu, mke wangu.

— Kumbe unanitega kama wageni wako?

— Tangu lini huoni?

— Tangu nilipokushonea hilo shati, mfuko ukaenda kulia. Ukalivaa hivyo hivyo, ukasema ndiyo fasheni.

Darubini akaugusa ule mfuko. Ndilo shati alilokuwa amevaa.

— Daktari anasemaje?

— Uvimbe kichwani. Macho ni mwanzo tu. Wamesema nimechelewa, hawawezi kuutoa.

— Na ukanyamaza!

— Ungenifungia ndani kama yai. Nilitaka nikuone kazini kwako, angalau kivuli chako. Nyangumi ni wako wewe. Mimi nilikuja kukutazama wewe.

Darubini akamkumbatia.

Ghafla, phuuu! Mvuke ukapanda, ukawarushia manyunyu usoni, na uvundo wa samaki waliooza.

— Mh! Nani huyo hajapiga mswaki?

— Ndiye nyangumi mwenyewe, alisema Darubini, akicheka na kulia. Mama na mtoto wake.

— Niambie. Usinidanganye tena.

— Mgongo ni satini nyeusi, mbichi, kama unaikunjua mezani. Povu limezunguka kama upindo mweupe.

— Umenyooka?

— Umepinda kidogo.

— Basi kashona mwanafunzi. Endelea.

— Sasa mkia unapanda. Umefunguka kama mkasi. Unazama… umezama.

— Nimemwona, alisema mkewe. Safari hii nimemwona.

Nyangumi waliporudi msimu uliofuata, mkewe alikuwa ameshazikwa.

Darubini bado yupo kazini, na shati lile lile. Wageni wapya huona mgongo mweusi ukiinuka majini, naye hanyooshi kidole mara moja. Kwanza huinama kuelekea ukingoni, pahali pasipo na mtu.

— Satini nyeusi, mke wangu. Leo upindo umenyooka.

Kisha ndipo huinua mkono.