Waimbaji wa Godauni la Nyota Tatu

Jumatatu asubuhi Rhoda aliacha kuimba ili anywe maji, akapaliwa, akatema kitu cha kahawia kiganjani. Alikinusa. Ilikuwa tumbaku, na Rhoda hakuwahi kuonja hata ugoro.

Salome, msimamizi wa wanawake kumi na wawili waliochambua choroko katika godauni la kukodi pale mtaa wa Nyasubi, akawauliza nani huwa anaanzisha wimbo wao wa kila siku. Hakuna aliyejua. Walikuwa wakiingia, wakikaa, midomo inafunguka yenyewe.

Salome akakumbuka masimulizi ya bibi yake. Zama za ukoloni godauni hilo lilikuwa la Nyota Tatu, kampuni ya sigara iliyoanza na mashine moja na wanawake arobaini wa kuchambua majani, bibi akiwa mmoja wao. Mnyapara aliwaimbisha kutwa, maana mdomo unaoimba hauwezi kutafuna tumbaku ya kampuni. Aliyenyamaza alihesabiwa mwizi. Alishindiliwa majani makavu kooni. Mmoja alikufa hivyo.

Kufikia Alhamisi sauti ilikuwa imemkauka Rhoda, akiimba kwa mnong’ono tu, na kila aliponyamaza humo godauni alikabwa pumzi. Wakamwita mganga, Mzee Masalu. Alinusa kuta, akasema ni jini alilofuga mnyapara. Mwenyewe kafa, jini limebaki kazini. Lipewe tumbaku kila mwezi, na wao wasiache kuimba.

“Babu, kwa heshima zote, hilo la kuimba hapana,” Salome alisema. “Bibi yangu aliimba humu miaka tisa. Inatosha.”

“Litawaua, mwanangu.”

“Mbona Rhoda anakufa na tunaimba?”

Mzee akabeba mkoba wake, hata soda hakunywa.

Salome akawaambia wenzake kwamba jini hukaba koo moja kwa wakati, na wao walikuwa na makoo kumi na matatu. Wanyamaze wote pamoja.

“Mama Edson,” Bernadina alimnong’oneza Salome, “nikifa waambie nyumbani nilikuwa nachambua choroko. Wasije kudhani nilikuwa natafuna tumbaku.”

Kesho yake saa nne asubuhi, milango ikiwa wazi na jua limejaa sakafuni, Salome alishusha ungo wake na wimbo ukakatika. Harufu ya majani yaliyokaushwa ikashuka kutoka darini, ikamkaba Rhoda, ikamwacha, ikamrukia Bernadina ambaye macho yalimtoka lakini mikono haikuacha kuchambua, ikapita koo hadi koo, kila mmoja akitema na kufumba mdomo, hadi ikamfikia Salome, ikashindilia na kushindilia huku akiona giza na kusikia vidole visivyoonekana vikitafuta ulimi wake, naye akauma meno.

Kisha ikamwachia, kukatulia.

Kutoka pembeni, sauti ya mwanamume asiyeonekana ikaanza kuimba wimbo uleule. Nzito, peke yake, ikitetemeka kama ya mtu anayeogopa kukaguliwa mdomo. Ikasogea, ikafika mlangoni, ikasita.

Rhoda, sauti ikiwa imemrudia, hakuinua macho kutoka kwenye ungo.

“Toka ukaimbe huko nje,” alisema. “Watu wako kazini.”