Jeneza Lililoipita Ndege

"Twiga Mbili, ndizi zimeiva?"

"Zimevuka daraja sasa hivi."

"Mkungu usifike shambani."

Simu ikakatika.

Adventina Rwegoshora, ndiye Twiga Mbili, jasusi wa kitengo kisicho na ofisi wala kibao, akafunga zipu ya jaketi juu ya Glock yake. Ndizi, yaani silaha, zilikuwa zinaingia Murongo, mpakani na Uganda, mchana huu ndani ya Hiace nyeupe. Na Hiace ndiyo ile pale kizuizini, imebeba jeneza, mama wa marehemu kaliegemea.

Mtihani gani huo, jamani! Umfungulie mama jeneza la mwanawe, halafu likutwe na maiti kweli? Utalaaniwa mpaka kizazi cha saba.

"Shikamoo, mama. Pole sana."

"Marahaba, mwanangu." Mama Mukashema wa Mabira alikuwa amekaukiwa machozi. "Ni Jovin wangu, alikuwa kibarua Guangzhou, huko Uchina. Jana saa moja jioni alinipigia, akacheka, akauliza kahawa imechumwa? Alfajiri bosi wake huyu ananiambia kafa saa mbili usiku, saa moja tu tangu tuongee. Na jeneza lisifunguliwe, eti ugonjwa unaambukiza. Limeshuka Entebbe kwa ndege, nami nimekuja kulipokea hapa. Kaburi tumeshachimba kibanjani, kwenye migomba ya nyumbani."

Bosi, Cleophace, suti nyeusi na Ray-Ban, akainamisha kichwa kwa huzuni ya dukani.

Adventina akatazama Casio yake. Saa sita mchana.

Tangu saa mbili usiku, zimepita saa kumi na sita.

Akapiga simu kitengoni. "Guangzhou hadi Entebbe?"

"Kilomita elfu tisa. Moja kwa moja hakuna. Ukibahatika, saa kumi na sita na kuunganisha. Kisha barabara hadi hapo, saa sita au saba nyingine."

Washenzi hawa! Walijua kijana kapiga simu kwao, wakakisogeza kifo mbele kisigongane na simu. Wakasahau kuisogeza Uchina karibu.

"Bosi, marehemu alipanda ndege kabla ya kufa?"

Mkono wa Cleophace ukaingia kotini.

Ulichelewa. Kiwiko kikamkuta kooni, mdomo wa Glock sikioni. Polisi wakamtia pingu, na mfukoni mwake wakatoa pasipoti ya Jovin.

Bisibisi. Skrubu nane. Kifuniko kikanyanyuka.

AK-47, zimelala ndani ya maranda. Zingezikwa kwa sala na nyimbo, kisha zifukuliwe wageni wakitawanyika.

"Mawe!" Mama akamwita mama yake kwa Kihaya, akaangua kicheko, akalia. "Mwanangu yu hai!"

"Jana jioni alikuwa hai, mama."

Wenye pasipoti ndio wenye kijana, na mzigo wao umekamatwa; wakisikia, watamlipizia yeye. Akaipiga namba ya Jovin. Haipatikani. Akapiga tena.

"Kwetu kaburi lililochimbwa halilali tupu," mama alisema taratibu. "Jua likizama, huzikwa mgomba badala ya mtu. Nikiuzika, si nimemzika mwanangu?"

"Usiuzike. Namfuata leo hii."

"Ndege huchukua saa ngapi hadi huko?"

"Kumi na sita."

"Nitakaa pale kaburini nizihesabu. Na za kurudi pia."

Adventina akatia pasipoti mfukoni, akavaa helmeti, akapanda bodaboda kuelekea mpakani, njia ya Entebbe. Hakugeuka nyuma, aliogopa kumwona mama.