Dhahabu ya Kijani ya Mama

Kila siku nikitoka shule, kabla sijala chochote, nilinawa mikono hadi viwiko na kuketi karibu na dirisha la karakana yetu. Kazi yangu ilikuwa kusokota nyuzi mbili za dhahabu, nyembamba kama unywele, ziwe uzi mmoja. Msinione hivi! Nilikuwa na miaka kumi na miwili tu, lakini uzi wangu ulinyooka kuliko wa watu wazima wengi wa Mtaa wa Nyuma, na hapa mjini Mompox huo ndio mtaa wa masonara. Sijisifu. Haya, najisifu kidogo.

Wanawake wa mtaa wetu wamesuka nyuzi za dhahabu miaka nenda miaka rudi. Lakini kuyeyusha dhahabu na kuichanganya na madini mengine ilikuwa kazi ya wanaume. Baba alipofariki, watu walidhani Mama atauza vifaa na kubaki kusuka tu. Mama hakuuza hata nyundo. Aliwasha moto mwenyewe, akaungua vidole, akaharibu, akarudia, mpaka dhahabu nyekundu na ya manjano zikamtii.

"Edilma, jirani yangu," Maestro Cantillo alikuwa akimtania. Maestro, yaani fundi mkuu, alikuwa sonara wa nyumba inayotazamana na yetu, na jioni hakuondoka kwenye kiti chake cha bembea mlangoni. "Siku moja moto utakula nyusi zako zote, halafu nani atakuoa?"

"Wewe unazo mbili nene kama burashi, Maestro, na mpaka leo hujapata mke," Mama alimjibu.

Majirani waliangua kicheko, na Cantillo mwenyewe alicheka kuwashinda wote.

Mwaka huo, bibi mmoja tuliyemwita Doña kwa heshima, Doña Betsabé, alituletea herini za marehemu mama yake. Mjukuu wake alikuwa anakaribia kutimiza miaka kumi na mitano, na kwetu msichana akifikisha umri huo hufanyiwa sherehe kubwa. Bibi huyo alitaka herini ziyeyushwe, litoke ua moja la kuvaa kifuani: petali nyekundu, shina la manjano, na majani ya kijani. Vyote vya dhahabu.

"Dhahabu ya kijani?" niliuliza alipoondoka. "Inapakwa rangi?"

"Rangi gani, mtoto wewe! Ni mchanganyiko," Mama alisema. "Dhahabu safi ni ya manjano. Ukiitia shaba, inakuwa nyekundu. Ukiitia fedha, inaelekea ukijani. Si kijani cha kasuku, ni kama cha limau linaloanza kuiva. Shida ni kwamba dhahabu ya zamani ina shaba yake ndani. Usipoitoa yote kwanza, ukijani hauji."

Mama alikuwa hajawahi kuitengeneza. Maestro Cantillo alimwambia wazi kwamba kazi hiyo humshinda hata yeye mara mbili kati ya tatu. Mama hakubishana. Alifanya kazi siku tatu mfululizo, na siku ya tatu aliniita kwa sauti ya kuimba. Mkononi alikuwa na waya mwembamba. Akauinua kwenye mwanga wa dirisha, na kweli, ulikuwa wa kijani!

"Unauona?" aliniuliza.

"Nauona, Mama."

"Sema tena."

"Nauona!" nilipiga kelele, tukacheka mpaka machozi. Sijawahi kumwona Mama akitembea kifua mbele kama siku ile.

Tulisuka majani saba. Petali na shina vilikuwa tayari. Alhamisi mchana Mama alilehemu majani yale kwenye vijiti vyake. Ili yasisogee motoni, aliyafunga kwa waya wa chuma. Kazi ikitoka motoni huwa imeingia weusi, kwa hiyo hutiwa kwenye chungu cha tindikali isafike. Hapo kuna sheria moja ambayo Mama alinirudia mpaka nikawa naisema usingizini: chuma hakiingii kwenye chungu. Tindikali yetu ilikuwa imesafisha kazi nyingi na kunywa shaba yake. Chuma kikiingia tu, shaba ile hutoka majini na kung'ang'ania juu ya dhahabu. Kwa hiyo unakata nyaya kwanza, zote, halafu unashika kazi kwa koleo la shaba.

"Yakipoa, kata nyaya, tia chunguni, ngoja," Mama alisema. "Mimi naenda sokoni kabla samaki hawajaisha. Nakuachia, Danelis."

Nilisema sawa. Mara kichwa cha rafiki yangu Yulibeth kikatokea dirishani.

"We Danelis! Ngoma mpya za bendi zimefika shuleni! Mwalimu anasema atakayechelewa atapewa matoazi."

"Nina kazi. Nisubiri kidogo."

"Mimi sisubiri mtu. Kaa hapo, utagonga masufuria mwaka mzima!"

Nilitazama majani. Nyaya zilikuwa ndogo ndogo, nyingi, na kila moja ilitaka subira. Nikajiambia kwamba nitazikata nikirudi, dakika chache zitadhuru nini? Nikatumbukiza majani yote saba na nyaya zake, nikatoka mbio.

Ngoma niliipata, tena kubwa. Niliporudi, Mama alikuwa bado hajafika. Nikayatoa majani. Yalikuwa mekundu kama nyama ya pera bivu. Nikakata nyaya, nikazitupa uani, nikayaosha majani na kuyasugua kwa kitambaa. Wapi! Nikayalaza juu ya meza.

Mama aliingia akiwa na kapu la samaki. Alitazama meza. Akaweka kapu chini polepole.

"Danelis, nyaya ulizikata?"

"Nilizikata zote, Mama."

Ni kweli, nilikuwa nimezikata. Mama alinitazama kidogo, akatikisa kichwa kukubali, na hakuniuliza tena.

"Basi ni mimi," alisema. "Sikuitoa shaba yote kwenye zile herini. Moto umeivuta ikaja juu."

Jioni ile hakula. Alivuka barabara kwenda kwa Maestro Cantillo, nami nikamsikia kupitia dirishani akimwomba aje kesho ayachukue majani, ayeyushe upya yeye. Mama alisema atarudi kusuka tu. Cantillo hakutania hata neno moja, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Nilijua ninachopaswa kufanya. Nilijilaza nikiwa nimeuma mto, nikisubiri ujasiri uje wenyewe. Haukuja.

Ijumaa hatukuwa na shule. Asubuhi Doña Betsabé alifika kabla ya wakati, mwavuli mkononi, na Maestro Cantillo alimfuata nyuma akiwa ameshika kofia. Mama alifunua kitambaa. Bibi aliyaangalia majani kwa muda mrefu.

"Edilma, binti yangu," alisema, "mimi nilikuletea dhahabu ya mama yangu. Hii ninayoiona ni shaba."

"Dhahabu yako yote imo humo, Doña Betsabé. Aliyekosea ni mimi. Sikuweza kuisafisha inavyotakiwa." Sauti ya Mama ilikuwa ndogo, sauti ambayo sikuijua. "Maestro Cantillo ataiyeyusha upya. Mimi kazi ya moto naiacha. Walionionya walikuwa na haki."

Huyu ni Mama yangu, aliyeungua vidole vyote kumi, anaomba radhi kwa kosa ambalo hakulifanya! Nikapiga moyo konde.

"Hakukosea!" nilisema, na sauti ikatoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Mama hakukosea kitu! Ni mimi. Niliyatia majani chunguni na nyaya zake, nikaenda kuwahi ngoma shuleni. Nilizikata baadaye. Zipo uani, nyuma ya pipa, nendeni mkaangalie!"

Mashavu yaliniwaka moto. Mama alinigeukia, na nilitamani anipige kofi kuliko kunitazama vile.

"Jana nilikuuliza," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Nikakuamini wewe kuliko mikono yangu mwenyewe."

Nililia. Sioni aibu kulisema, nililia kwa kwikwi mbele ya wote. Maestro Cantillo alikohoa, akachukua kisu chembamba mezani na kumpa Mama. "Kwaruza, jirani," alisema. "Kwaruza tuone."

Mama alikwaruza ncha ya jani moja, taratibu, kama anayemenya yai. Unga mwekundu ulianguka, na chini yake kukatokea kijani. Cantillo alilichukua jani, akalipeleka mlangoni kwenye jua, akaligeuza huku na huku, kisha akarudi akiwa amekunja uso.

"Doña Betsabé," alisema, "mimi ni sonara miaka arobaini na miwili. Kijani changu hakijawahi kutoka safi hivi. Inaniuma kusema, lakini ndivyo ilivyo."

"Basi sema tena," Doña Betsabé alimwambia, "maana mlango uko wazi na mtaa unasikiliza."

Akasema tena, kwa sauti kubwa. Vicheko vikasikika kutoka nje. Mama alijaribu kukaza uso, lakini mabega yake yaliinuka yenyewe, na Mama yangu akarudi.

Alimwaga tindikali ya zamani kwenye pipa la taka za karakana, akachanganya mpya. Aliyapitisha majani motoni mpaka ile ngozi ya shaba ikawa nyeusi. Kisha akanipa mimi koleo la shaba. Niliyatia majani chunguni moja moja, saba, watu wazima watatu wakiwa wamenisimamia. Tulingoja. Nilipoyatoa na kuyaosha, yalikuwa ya kijani kile kile cha dirishani. Doña Betsabé aliyaweka kwenye kiganja, akafuta macho kwa ncha ya shali, akasema mama yake angeyapenda.

Wageni walipoondoka, Mama aliketi na kunivuta nikae mbele yake.

"Kosa la nyaya si kitu," alisema. "Mtu anayefanya kazi na moto hukosea kila wiki, muulize Cantillo. Kinachoniuma ni lile jibu. Hukunipa neno hata moja la uongo, lakini uliyapanga maneno ya kweli yanidanganye, na huo ni uongo mbaya zaidi, kwa sababu aliyeambiwa hana pa kuushika. Mtu akikuuliza, mjibu lile analohitaji kujua, si lile litakalokuokoa wewe. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Mama. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Na kuna jingine." Alinifuta shavu kwa kidole chake chenye makovu. "Kutengeneza dhahabu ya kijani ni kugumu. Kusimama mbele ya mteja na fundi mkubwa na kusema 'ni mimi', bila kusukumwa na mtu, ni kugumu zaidi. Wapo masonara wa miaka arobaini na miwili ambao hawajaliweza jambo hilo. Leo nimeona fahari mara mbili, mwanangu, na majani yale yalikuwa ya pili."