Chungu Kisicho na Damu

Kabla ya kwenda shule, Chiriku alikuwa na kazi ya kuchambua maharage. Aliyamwaga kwenye ungo, akaketi juu ya kigoda mlangoni mwa jiko, akawa anatoa vijiwe na punje zilizotobolewa na wadudu. Chiriku halikuwa jina lake la shuleni. Mama yake alimwita hivyo kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Alizungumza akichambua, alizungumza akifagia, na kaka yake alidai kwamba alizungumza hata akiwa usingizini.

Mama yake alikuwa mpishi. Kibanda chake kilikuwa kando ya karakana ya maseremala, na waliokula hapo walikuwa maseremala wenyewe, mafundi wa kuchomelea vyuma na wapita njia. Alipika maharage, dengu, maboga yaliyoungwa kwa karanga za kusaga, na mboga za majani zilizokaangwa kwa vitunguu na nyanya. Nyama hakupika. Mayai hakupika, wala maziwa hayakuingia katika chungu chake. Alikulia katika nyumba iliyopakana na machinjio, na utotoni alisikia kila siku vilio vya wanyama vikikatika katikati. Alipopata jiko lake mwenyewe alisema damu haitaingia humo, na haikuingia.

Wateja walimtania. Fundi mmoja wa kuchomelea, mtu mnene aliyevaa miwani myeusi kichwani kama kofia, hakukosa neno.

“Mama, hata mfupa mmoja tu wa kudanganyia pua?”

Mama alimjibu kwamba pua yake imeshadanganywa na moshi wa kazi yake, haina haki ya kudai kitu. Watu wakacheka, fundi naye akacheka, akaongezewa maharage. Alikula hapo kila siku. Nyama ilibaki mdomoni mwake kwa maneno tu.

Maji ya kupikia yaliletwa na kaka yake Chiriku. Huyo alikuwa amemaliza shule, na baba yao alipofariki aliachiwa yeye punda na mkokoteni. Kisima kilikuwa bondeni, kibanda na nyumba vilikuwa juu, na katikati palikuwa na barabara ya mawe iliyopanda kama ngazi. Baba yao alikuwa akienda safari mbili kwa siku, madumu manane kila safari, na alimpumzisha punda kila penye kona. Lakini kaka alikuwa golikipa wa timu ya mtaa, na timu ilifanya mazoezi mchana. Akaanza kupakia madumu yote kumi na sita kwa mpigo mmoja. Mama aliona maji yanafika mapema, akamsifu kijana wake mbele za wateja kwamba siku hizi amekuwa mchapakazi.

Jumamosi moja Chiriku alipeleka maganda ya boga zizini. Alimkuta punda amefunikwa gunia mgongoni, ingawa jua lilikuwa kali. Maganda hakuyagusa. Chiriku, akiongea naye kama alivyoongea na kila kitu, alilishika gunia alinyanyue ili amkune. Gunia halikunyanyuka. Lilikuwa limegandia. Alipolivuta taratibu liliondoka na ngozi, na chini yake palikuwa na kidonda kipana kama kiganja cha mtu mzima, chekundu, kikitoa usaha. Nzi wakakiangukia papo hapo. Nyuma, kwenye mapaja, palijaa matundu madogo madogo, mengine yakiwa mabichi.

Kabla hajageuka, mkono ulimshika kisogoni ukambamiza ukutani. Kaka yake alikuwa na fimbo ambayo Chiriku hakuwahi kuiona nyumbani. Kwenye ncha yake kulipigiliwa msumari. Aliugusisha kwenye shavu la dada yake, chini ya jicho, akaubonyeza mpaka ngozi ikabonyea.

“Ukifungua mdomo wako huo kwa mama, utakiona cha mtema kuni. Na hayo maji utayabeba wewe kichwani.”

Chiriku alijitahidi kusema kwamba punda anaumia. Kaka yake alimjibu kwamba punda kaumbwa abebe, na kwamba asante ya punda ni mateke, kwa hiyo mwenye akili humpiga punda kabla hajapigwa na punda. Kisha akalirudisha gunia juu ya kidonda, akalikandamiza kwa kiganja. Punda alitetemeka mwili mzima lakini hakutoa sauti.

Tangu siku hiyo Chiriku alinyamaza. Mama yake alimgusa paji la uso kuona kama ana homa. Alimuuliza kama kuna mtu anamwonea shuleni, akasema hapana. Alimuuliza kuhusu alama ya chini ya jicho, akasema amechomwa na ukuni. Kila mkokoteni ulipokaribia nyumba alisikia fimbo ikitua, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, naye alitikisa ungo kwa nguvu ili maharage yapige kelele kuliko fimbo.

Mvua iliponyesha, barabara ya mawe ikawa telezi kama sabuni. Chiriku alikuwa akitoka shule aliposikia watu wakishangilia kwenye kona ya pili ya mlima. Alijipenyeza katikati yao. Punda alikuwa amepiga magoti. Mkokoteni ulikuwa umemwegemea, na kamba za kifuani zilikuwa zikimkaba shingo. Kaka yake alikuwa akimpiga. Alimpiga mgongoni, akampiga masikioni, akampiga puani. Damu ilitoka puani ikatiririka mpaka kwenye dumu lililopasuka, maji yakawa mekundu na kushuka kati ya mawe.

Vijana waliokuwa wakitazama nao walitoa msaada wa aina yao. Mmoja aliushika mkia akausokota kama anakamua nguo. Mwingine alimpiga punda mateke ya mbavu, akisema huyu anajifanya tu. Wa tatu alishauri wawashe karatasi chini ya tumbo lake, maana moto haubishani na mtu, akaanza kuuliza nani ana kiberiti. Watu walicheka. Kiberiti kikapatikana.

Punda alirusha teke moja tu. Lilivunja ubao wa mkokoteni na kumpata kaka muundini, akaanguka chali kwenye tope. Kicheko kikamgeukia yeye. Alipoinuka, macho yake hayakuwa ya mtu anayesikia. Aliishika fimbo kwa mikono miwili, akaipandisha juu ya kichwa cha punda, msumari ukiwa umeelekea chini.

Chiriku alitupa mkoba wake akajilaza juu ya shingo ya punda. Fimbo ikashuka. Msumari ulimwingia begani ukamchana mpaka karibu na kiwiko, na shati la shule likafunguka kama ganda.

Hapo ndipo mama alipofika. Fundi wa kuchomelea alikuwa amepita njia hiyo, akaona, akakimbia kumwita. Mama alikuja na aproni yake kiunoni, akaiona damu ya mtoto wake. Hakuuliza. Alimnyang'anya kijana wake fimbo, akaigeuza, akampiga nayo mabegani, akampiga mgongoni, akampiga mikono aliyoinua kujikinga. Mwanamke huyo hakuwahi kumkata shingo hata kuku. Na wale wale waliosema punda apigwe, sasa walisema kijana apigwe. Waliongeza sauti. Aliyekuwa na kiberiti ndiye aliyepiga kelele kuliko wote.

“Mama, acha,” Chiriku alisema. Alikuwa bado ameikumbatia shingo ya punda. “Mama, haya maji ni yetu. Ndiyo unayopikia.”

Mama alisimama na fimbo hewani.

“Nilijua tangu zamani,” Chiriku aliendelea. “Chini ya gunia kuna kidonda. Nilikiona nikanyamaza. Na maharage niliyala.”

Mama aliyatazama maji yaliyokuwa yakishuka kati ya mawe, mekundu, yakipita kando ya miguu yake. Akamtazama kijana wake aliyekuwa amejikunyata kwenye tope, mikono juu ya kichwa. Fimbo ikamponyoka mkononi. Kisha akawaambia watu kwa sauti ya chini kwamba mwenye mikono ashushe madumu, na asiye na kazi aende kwao. Kijana wa kiberiti akaona ana safari. Fundi alizikata kamba kwa kisu chake. Walimwinua punda kwa mabega, mama upande mmoja na fundi upande mwingine, na aliyemshika kichwa ni kaka, akilia kama mtoto.

Muuguzi wa zahanati alilishona bega la Chiriku. Siku iliyofuata daktari wa mifugo alikuja zizini, akakata nyama iliyooza, akaosha kidonda, huku kaka akiwa ameshika beseni. Mama alimlazimisha atazame mpaka mwisho. Daktari alisema punda anaweza kupona, ila kamba isimguse mpaka ngozi ijifunge. Mama akauliza, na akishapona? Daktari akasema hilo ni la mwenye punda.

“Basi akishapona ataendelea kula,” mama alisema. “Mkokoteni hautamwona tena.”

Kaka aliuliza, kwa woga, maji yataletwa na nani.

“Na wanaoyanywa.”

Asubuhi iliyofuata walishuka bondeni wote watatu. Kaka aliingia katikati ya mikono ya mkokoteni, mahali pa punda. Mama alisukuma kwa nyuma, na Chiriku alisukuma kwa mkono wake mzima. Madumu yalikuwa sita tu. Hata hivyo kwenye kona ya pili miguu ya kaka ilianza kutetemeka, viatu vikateleza, akasimama. Alihema. Mabega yake yakajikunja, kichwa akakiinamisha, kama mtu anayesubiri kitu kimwangukie kutoka nyuma.

Mama aliokota jiwe akaliweka nyuma ya gurudumu.

“Pumzika, mwanangu,” alisema. “Hakuna atakayekupiga.”

Kaka aliketi kwenye tope kavu akajifuta uso. Mama akaketi kando yake, akamwambia kwamba kumpiga mbele za watu lilikuwa kosa, na kwamba fimbo ile ile ilipoingia mkononi mwake, naye alikuwa mkali vile vile. Akamwomba msamaha.  Kaka alimtazama dada yake begani, palipofungwa bandeji, akasema pole kwa sauti ambayo Chiriku alilazimika kusogea ili aisikie.

“Nisikilizeni wote wawili,” mama alisema. “Miaka yote nimejivunia kwamba chungu changu hakina damu. Niliangalia kinachoingia chunguni, sikuangalia kimefikaje. Watu husema asante ya punda ni mateke. Na asante yetu kwake ilikuwa nini? Kazi ambayo mgongo wako hauiwezi, usiitwike juu ya mgongo wa mwenzako, hata kama mwenzako ana miguu minne. Na wewe, binti yangu, anayeumia asipoweza kusema, aliyemwona ndiye mdomo wake. Ukinyamaza kwa woga, maumivu hayaishi. Yanatafuta mtu mwingine wa kumwangukia.”

Chiriku alisema amesikia. Walikaa mpaka pumzi ya kaka ikatulia. Kisha, bila kuambiwa, akainuka akaishika mikono ya mkokoteni, na Chiriku akaliondoa jiwe.