Masatu Alipoipiga Windows Laptop ya Hyasinta

Stendi ya Bunda ilikuwa imechafuka kwa kelele. Wapiga debe wanaita Mwanza, wengine wanaita Musoma, na akina mama wa mahindi ya kuchoma wanakimbizana na madirisha ya mabasi. Katikati ya vurugu hiyo Hyasinta alikuwa ameketi kwenye benchi la mgahawa, gauni lake la kitenge cha njano limembana vizuri kiunoni, laptop mapajani, anasubiri iwake. Mteja alikuwa amesimama mbele yake akitaka kuona nembo ya shule atakayodariziwa kabla basi halijaondoka.

"Dada, mpaka hiyo iwake, sisi tutakuwa Musoma tumeshakula na ugali."

Hyasinta aligeuka. Kijana mrefu, shati la drafti limenyooshwa kwa pasi, anatabasamu kama waliozoeana.

"Usiitukane. Ndiyo inayonilisha."

"Sijaitukana. Nimesikia feni yake inavyohema, nikaihurumia. Naitwa Masatu. Nina kibanda cha kompyuta Musoma, pale Mwisenge."

Kwenye basi walikaa kiti kimoja. Walipofika Musoma, walikuwa wameshabadilishana namba.

Tangu hapo simu ikawa haikauki.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula samaki, ningu wa kuchemsha."

"Bila mimi? Una roho ngumu wewe."

"Na wewe una maneno mengi. Wenyeji wa ziwani mnakuwaga hivyo wote?"

"Wengine wamenizidi. Mimi ndiye mpole wao."

Hyasinta alikuwa na duka dogo karibu na soko la Musoma, na ndani yake mashine moja ya kudarizi. Aliinunua pamoja na ile laptop kutoka kwa fundi Stanislausi, aliyeacha ushonaji akaenda kufanya biashara ya dagaa kisiwani Rukuba. Michoro yote ilitoka kwenye laptop kwenda kwenye mashine. Bila laptop, mashine ilikuwa chuma tu. Na safari hii alikuwa na kazi iliyomnyima amani: sare za kwaya ya parokiani kwao Butiama, kwaya anayoimba mama yake, zinatakiwa Jumapili kwenye jubilei.

Laptop nayo ikachagua wiki hiyohiyo kuganda kila mara.

"Niipige Windows mpya, mpenzi," Masatu alisema. "Hii uliyonayo imezeeka, ndiyo maana inagandaga."

"Kazi zangu hazitapotea?"

"Mafaili yako yote nayahamishia kwenye diski yangu kwanza. Niamini."

Akamwamini. Ilirudi imefutwa vumbi, inawaka upesi, na Masatu ameweka picha ya maua kwenye kioo. Hyasinta alicheka, akamfinya shavu. Kisha akatafuta programu ya kudarizi.

Haikuwepo.

Masatu alivuta kiti. Akatafuta programu mpya kwenye mtandao, akaishusha, akaunganisha waya wa mashine. Mashine haikuitika. Akachomoa, akachomeka. Jasho lilianza kumtoka juu ya midomo.

"Mashine hii inaelewana na programu ya zamani tu," alisema taratibu. "Na programu ya zamani inataka Windows ya zamani."

"Basi irudishe."

"Windows ya zamani ninayo. Programu ndiyo sina. Inakuwaga kwenye CD inayokuja na mashine. CD iko wapi?"

"Sijawahi kupewa CD yoyote!"

Wote wawili wakatazama rundo la vitambaa vyeupe mezani.

"Uliniambia hakitapotea kitu, Masatu."

"Nilisema mafaili, Hya..."

"Usiniite Hya! Nimwambie nini mama? Kwamba nimempa mwanamume laptop yangu aichezee? Toka. Na usinipigie simu."

Masatu alichomoa waya wa mashine. Akachukua laptop, akaitia kwenye begi. "Hii naomba nibaki nayo," alisema, akatoka.

Kesho yake Hyasinta alijaribu kudarizi kwa mkono. Asubuhi yote ikaishia kwenye msalaba mmoja uliopinda. Mama akapiga kutoka Butiama: "Mwanangu, wenzangu wananiuliza." Akajibu kwamba kazi inaendelea. Alipokata simu alijikuta anapiga namba aliyokuwa ameikataza impigie. Haipatikani. Akapiga tena. Haipatikani.

Amekimbia, akawaza. Kakimbia na laptop yangu.

Alipanda bodaboda hadi Mwisenge. Kibanda kimefungwa kwa kufuli. Jirani wa Masatu, kinyozi Paschal, alizima mashine ya kunyolea.

"Shemeji, hukuambiwa? Kaenda Rukuba tangu jana kumtafuta fundi Stanislausi. Alisema umemkataza kupiga. Alikuwa arudi leo asubuhi." Akatazama miti ya barabarani inavyoinama. "Ila kwa upepo huu, sijui."

Hasira zote zilimtoka Hyasinta kama maji kwenye ndoo iliyotoboka. Akamwambia bodaboda ageuze, waende mwaloni Mwigobero, mitumbwi ya visiwani inakotia nanga.

Ziwa lilikuwa limechafuka, mawimbi yanapiga mawe na kurusha povu hadi kwa wanawake wenye mabeseni. Kila mtumbwi wa injini uliotia nanga aliuendea, viatu mkononi, pindo la gauni limelowa. "Mmetoka Rukuba? Mmemwona kijana mrefu mwenye begi?" Wengine walitikisa kichwa. Mmoja alisema kuna mtumbwi umezimikiwa injini huko nyuma. Hyasinta alikaa juu ya jiwe, akaanza kusali rozari bila rozari.

Mtumbwi huo ulipoonekana, ulikuwa unavutwa kwa kamba na mwenzake. Masatu aliruka majini kabla haujagusa mchanga, begi ameliinua juu ya kichwa, limefungwa ndani ya mifuko ya plastiki.

"Umekuja," alisema, meno yanagongana kwa baridi.

"Mjinga wewe! Ungekufa, je?" Akampiga kifuani, kisha akalishika shati lake asiliachie. "Ungekufa ningefanyaje mimi?"

"CD nimeipata. Lakini usifurahi bado. Alikuwa ameining'iniza juani, inafukuza ndege kwenye dagaa."

Ilikuwa na michubuko kama imekwanguliwa na paka. Dukani, Masatu aliiosha kwa sabuni, akaifuta kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda nje. Akairudisha Windows ya zamani kwanza. Hyasinta alikaa pembeni yake, khanga moja imewafunika wote wawili mabegani. Kisha CD ikaingia. Ikalia, ikasita. Mstari wa kijani kwenye kioo ulifika katikati, ukasimama.

"Imekataa," Hyasinta alinong'ona.

"Subiri."

"Masatu, imekataa."

"Subiri, mpenzi."

Mstari ukasogea. Ukasimama tena, ukasogea, ukafika mwisho. Masatu alichomeka waya. Mashine ikatoa mlio, sindano ikashuka, na kitambaa cheupe kikaanza kupata msalaba wa dhahabu.

Hyasinta alilia waziwazi. Masatu naye aligeukia ukutani, akajifanya anakagua swichi.

"Naiweka nakala yake sasa hivi," alisema. "Na nisamehe. Nilitakiwa kuuliza kwanza."

"Nami nilitakiwa kukusikiliza."

"Basi nakuuliza jingine kabla sijalifanya. Hyasinta, nataka nije kwenu kujitambulisha."

Kabla hajajibu, simu iliita. Mama.

"Mama, zitafika," Hyasinta alisema, akijifuta pua. "Nazileta mwenyewe Jumamosi. Na nakuja na mtu."

"Mtu gani?"

Alimtazama Masatu, nywele bado zimelowa, khanga ya maua mabegani.

"Atajieleza mwenyewe," alisema, akamkabidhi simu.

Masatu aliishika kwa mikono miwili, akasimama wima kama yuko mbele ya ofisa.

"Shikamoo mama," alisema. Halafu maneno yake yote mengi yakamwishia.