Doa la Zulia Jeupe

Jambo hili lilimpata rafiki yangu Sumaya, mshonaji wa hapa mjini Baraka, kando ya ziwa. Alinunua zulia jeupe kwa sababu wazazi wa mchumba wa binti yake walikuwa wanakuja kujitambulisha, na paka wake akalikojolea. Alilisugua kwa sabuni ya unga, akarudia kwa ndimu na chumvi mpaka vidole vikachubuka, lakini doa la njano halikutoka. Kwa hasira alimpeleka paka kwa wifi yake anayeishi kijiji cha Lubondja, akalifua zulia ziwani na kulianika siku mbili. Safari hii likatakata.

Siku ya wageni, mawingu ya mvua yalitia giza sebuleni. Sumaya alikuwa chumbani akivaa aliposikia kitu kikichuruzika, kisha kucha zikiparura zulia. Alipotoka, doa lilikuwa palepale. Akampigia wifi yake simu.

“Juu ya nini mumeachilia ile paka?”

“Paka iko hapa, inalala ku miguu yangu,” wifi akajibu. “We iko na nini?”

Sumaya aligeuka kukagua nyumba. Mlango na madirisha vilikuwa vimefungwa kwa ndani. Alipiga magoti, akaweka kiganja juu ya doa. Lilikuwa bichi, na bado lilikuwa na joto la mwili.