Kitana Ambacho Hakikuvunjwa

Asubuhi ile nilikuwa nakamua ng'ombe upande wa chini wa nyumba, tunakolaza mifugo. Wifi yangu Nithiyo alikaa karibu na moto akimchana binti yake, Ansa. Uji wa shayiri ulikuwa unachemka.

Siku mbili kabla, wanaume wetu walikuwa wamewamaliza wavamizi waliotua ufukweni. Sisi Wajuti wa pwani ya kaskazini tuna desturi isiyo na mjadala: mali ya adui aliyefia vitani haiingii nyumbani. Upanga unakunjwa, mkuki unavunjwa, ngao inapasuliwa, ndipo vyote vinazamishwa kinamasini. Kilichovunjwa ni cha kinamasi milele. Kilicho kizima bado kina mwenyewe.

"Wifi," nikauliza, "kitana hicho cha pembe umekitoa wapi?"

"Kaka yako kaniletea. Wivu tu unakusumbua."

"Na hizo nywele?"

Akakitazama. Kwenye meno yake zilinasa nywele ndefu nyekundu, zimelowa, zinanuka tope. Kwetu hakuna mwenye nywele nyekundu. Nithiyo akazitupa motoni, akaendelea kuchana. Nilimchukia kwa hilo, na namchukia mpaka leo.

Kesho yake ng'ombe waligoma kupita mlangoni.

Siku ya tatu, mchana kweupe, nilimkuta Ansa kwenye kigoda mlangoni, ameupa uwanja mgongo. Kichwa chake kilikuwa kinavutwa nyuma taratibu. Kinaachiwa. Kinavutwa tena. Nyuma yake hapakuwa na mtu. Nywele zake zilikuwa zimefungwa fundo juu ya sikio, kama walivyofunga wale wavamizi.

"Shangazi," akanong'ona, "usipige kelele. Hajamaliza."

"Nani?"

"Mwenye kitana. Akimaliza, tunaondoka."

Nikapiga ukelele. Kaka yangu Swarta akaja mbio kutoka shambani, nami nikamzaba kofi mbele ya mkewe.

"Mwizi wa mali ya maiti! Kivunje, ukakizamishe!"

Alikinyakua kitana akatimua mbio. Nithiyo akamkumbatia mtoto kwa mikono miwili. Mimi nikamfuata Swarta, maana sikumwamini. Nilipofika kinamasini, maji yalikuwa yameshatulia.

"Umekivunja?"

Akageukia njia ya nyumbani.

"Swarta. Umekivunja kwanza?"

"Sikuweza kukishika zaidi, dada," akasema. "Nimekitupa tu."

Tukarudi mbio. Sijawahi kuogopa vile.

Nithiyo alikuwa palepale karibu na moto. Mikono yake bado imekumbatia. Ndani yake kulikuwa na gauni la Ansa, limelowa chepechepe. Mtoto hakuwemo. Kwenye kigoda kulikuwa na kitana, kizima. Unywele mwekundu na unywele wa manjano wa Ansa zilikuwa zimesukwa pamoja kwenye meno yake.

Swarta akainua shoka. Nithiyo akajirusha juu ya kigoda.

"Ukikivunja, naye ni wa kinamasi milele! Kiache kizima!"

Nilitaka kumtukana, nikakosa tusi. Alisema kweli.

Swarta aliondoka na merikebu za watu wetu waliohamia magharibi, na hakutuma hata salamu. Mimi na Nithiyo tulibaki. Majirani hawakanyagi kwetu. Wakituona njiani hutema mate. Tunagombana kuanzia alfajiri, lakini hakuna hata mmoja wetu anayekigusa kile kigoda. Kila mwaka shayiri ikikaribia kuiva, tunakuta kwenye kitana unywele mmoja wa manjano, umelowa. Kila mwaka unakuwa mrefu kidogo kuliko wa mwaka uliopita.

Sasa ni miaka arobaini. Juzi asubuhi umekuja mwingine. Nithiyo haoni vizuri siku hizi, akaniita, akaufuta tope kwa kidole chake na kunipa bila tusi.

"Wifi," akasema, "niazime macho yako. Ni wake?"

Nikauinua mlangoni kwenye mwanga. Ulikuwa wa Ansa. Shinani ulikuwa mvi.